Gari iko na asiransi, muuguzi hana: mgonjwa akiumia, nani analipa?

Vijana wenzetu,

Leo hatuongei juu ya barabara wala juu ya maji. Tunaongea juu ya mtu ambaye wengi wetu tulipita katika mikono yake siku ya kwanza ya maisha: muuguzi. Na tunaongea juu ya kitu ambacho tunafikiri ni mambo ya matajiri: bima, ile tunaita asiransi.

Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, Kongo inakataza gari kutembea bila asiransi. Sababu ni rahisi: gari inaweza kuumiza mtu, na mwenye kuumia lazima apate wa kumlipa. Polisi wa rulaji wanaijua sheria hiyo vizuri, wanakusimamisha juu yake asubuhi na jioni. Lakini muuguzi anayezalisha mama saa nane ya usiku, peke yake, na mwanga wa simu, naye anaweza kuumiza mtu. Muulize muuguzi wa kituo cha mtaa wako: "Uko na asiransi ya kazi?" Wengi watakuangalia kama vile umeongea Kichina.

Tuseme wazi muuguzi wa Kongo ni nani. Katika vitabu, yeye ni msaidizi wa daktari. Katika vituo vingi vya afya daktari hakuna. Ni muuguzi, A1 ao A2, ndiye anapokea wagonjwa, anaandika dawa, anachoma sindano, anashona vidonda, anazalisha. Yule tunamwita titulere anaongoza kituo chote. Na wengi kati yao hawana matrikule: leta haiwalipi, wanaishi na ile primu inayotoka katika pesa za wagonjwa. Mtu kama huyo ndiye tunamwambia: kosa likitokea, utalibeba peke yako.

Tuchukue mifano miwili ambayo wenye kazi ya afya wanaijua sana.

Mfano wa kwanza: mtoto ana malaria kali. Shirika la Afya la Dunia lilisema tangu 2011 kwamba dawa ya kwanza kwa mtoto kama huyo ni artesunate ya sindano, si kwinini. Lakini mahali artesunate imekosa, kwinini inarudi. Sindano ikichomwa vibaya katika tako inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka mguuni. Malaria inapona, lakini mtoto anaanza kutembea na unyayo unaburuta chini. Anahitaji mazoezi ya miezi, kiatu cha pekee, pengine operesheni. Nani atalipa?

Mfano wa pili: mama amezaa, damu haisimami. Kuna dawa ya kuzuia ile damu, oksitosini. Lakini oksitosini inatunzwa katika baridi ya digri 2 mpaka 8. Frigo ikikaa bila umeme siku nyingi, dawa inapoteza nguvu, na kwa macho huwezi kujua. Muuguzi anachoma kama alivyofundishwa, damu inaendelea, mama anakufa. Kosa ni la nani? La muuguzi? La mwenye kituo ambaye hakununua gazi ya frigo? La wale walioleta dawa? Jamaa wenye kulia hawana nafasi ya kuuliza hayo yote. Wanamwona mtu mmoja tu mbele yao, amevaa bluzi nyeupe.

Na hapo inaanza ile tunayoijua. Wengine wanapiga muuguzi, wanavunja madirisha ya maternite. Wengine wanaita polisi, muuguzi analala kasho, jamaa yake wanakusanya dola za kumtoa, na zile dola haziendi kwa mgonjwa hata kidogo. Wengine wanasema "njo Mungu alipenda" na wanarudi nyumbani na maiti yao. Njia hizi tatu ziko na kitu kimoja: mwenye kuumia hapati chochote. Mtoto wa mguu unaoburuta anabaki na mguu wake. Yatima anabaki yatima, bila pesa ya maziwa.

Sheria inasema nini? Mimi mwenye kuandika mistari hii nilimaliza droit, ninatafuta kazi kama ninyi wengi. Angalau diploma itumike hapa. Code civil yetu, kitabu cha tatu, article 258, inasema mwenye kuletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima airudishe. Article 259 inaongeza: hata kama ni kwa uzembe ao kwa kukosa uangalifu. Na article 260, ile ambayo mabosi hawapendi isomwe, inasema mwenye kumtumikisha mtu anajibu kwa hasara ambayo yule mtu ameleta akiwa katika kazi aliyopewa. Maana yake: muuguzi akikosea kazini, mwenye hospitali naye analipa, awe leta, kanisa ao mtu binafsi.

Upande wa jinai ni mambo mengine. Code pénal, article 52 mpaka 54, inaadhibu mwenye kuua ao kuumiza bila kukusudia. Kwa kifo, ni jela ya miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini. Hiyo hakuna asiransi inayoweza kumfungia mtu. Jela hailipwi na kampuni, na ni vizuri hivyo.

Basi asiransi ya kazi inafanya nini? Mambo mawili. Inamlipa mwenye kuumia, kwa sababu pesa iko tayari mahali fulani, si katika mfuko wa muuguzi asiye na mshahara. Na inaleta avoka kwa muuguzi tangu siku ya kwanza, ili asiende mbele ya OPJ akitetemeka na kutia sahihi karatasi ambayo hakusoma. Haimlindi aliyekusudia kuumiza. Kwa kawaida haimlindi pia asiye na ruhusa ya kazi, ao aliyefanya operesheni ambayo hakusomea. Na kuna faida ya tatu ambayo watu hawaioni: kampuni ikitaka kulipa, inauliza fishi ya mgonjwa, inauliza partogramu, inauliza nani alitunza frigo. Kituo kinachojua kwamba ataulizwa maswali hayo kinaanza kuandika mambo yake vizuri. Hapo hata mgonjwa wa kesho amesaidiwa.

Tunasikia mnasema: "Asiransi ya Kongo? Ile inayochukua pesa na kukimbia?" Hasira hiyo ina sababu. Tangu miaka ya 1960 kampuni moja tu ya leta, SONAS, ndiyo ilikuwa na haki ya kuuza asiransi katika nchi nzima, na watu walizoea kununua karatasi ya kuonyesha polisi tu. Sheria ya Machi 2015 ilivunja mlango huo, na tangu 2019 kampuni zingine zilipata ruhusa. Kuna pia ARCA, ofisi ya leta yenye kazi ya kuzichunga. Kampuni ikikataa kulipa bila sababu, kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Tuanze kupatumia, la sivyo patabaki jina tu.

Wengine wanasema: "Mkiwapa asiransi, watakuwa wazembe." Je, dereva mwenye asiransi anagonga watu kwa furaha? Adhabu ya jinai inabaki, na Ordre ya wauguzi, iliyoundwa na sheria ya 2016, iko kwa ajili ya kuadhibu wenye kuharibu kazi. Kinachopungua ni woga. Muuguzi mwenye woga anaficha kosa, anararua fishi, anamsukuma mgonjwa mzito aende kufia kwingine. Huyo ndiye wa hatari.

Si ndoto. Ufaransa, sheria ya tarehe 4 Machi 2002 ililazimisha hospitali na waganga wanaojitegemea kuwa na bima hiyo, na ikaweka mfuko wa kusaidia wenye ajali nzito zisizo na kosa la mtu. Karibu yetu, Rwanda ilitoa sheria yake ya bima ya kazi ya afya mwaka 2013. Serikali ya Kigali tuko na mengi ya kuidai, na tutaendelea kuidai. Lakini kitu chenye kulinda mgonjwa hatukikatai juu ya mpaka.

Neno kwa wale wenzetu waliotoka ISTM, wakakosa kazi, wakafungua dispansere katika nyumba ya kupanga. Hapo wewe ni muuguzi, na wewe ni bosi. Article 260 inakutafuta wewe. Kosa la stajiere wako ni deni lako. Kabla ya kutia sahihi kontra ya asiransi, uliza maswali manne. Kampuni italipa mpaka dola ngapi? Sehemu gani ya kwanza utalipa mwenyewe? Kazi zako zote zimeandikwa humo, pamoja na kuzalisha? Na mgonjwa akilalamika miaka miwili baada ya kontra kuisha, bado unalindwa? Hili la mwisho ndilo linaumiza watu wengi. Asiyeuliza, atalipa mara mbili.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mwenye kuajiri wauguzi, leta ya kwanza, alipe asiransi ya kazi yao. Isikatwe katika primu zao, na isimwangukie mgonjwa katika fakture.

2. Ordre ya wauguzi ifanye kontra moja ya kikundi kwa wanachama wake. Watu elfu wakiingia pamoja, bei si ile ya mtu mmoja.

3. ARCA ieleze haki hizi kwa Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo, na iadhibu kampuni isiyolipa.

4. Parke isimtupe muuguzi kasho kabla mtaalamu hajasema kama kuna kosa ao hakuna. Na mtaalamu akisema kosa liko, kesi iende mpaka mwisho, bila kupangwa usiku.

5. Serikali iwape matrikule wauguzi wanaofanya kazi bure, na iweke mfuko kwa ajili ya wagonjwa walioumia bila kosa la mtu.

Na sisi vijana tuko na kazi yetu. Wiki hii, pita kituo cha afya cha mtaa wenu, uliza kwa heshima: nani ni mwajiri hapa, na asiransi iko wapi? Andika jibu, ulete katika seli yenu. Na siku ya msiba, simama mbele ya mlango wa maternite, uzuie mawe. Jiwe halijamrudisha mama yeyote. Omba fishi, omba majina, pelekeni kesi mahali pake.

Mgonjwa na muuguzi si maadui. Wote wawili wameachwa katika chumba kimoja, na yule aliyepaswa kulipa hayumo. Tumwite kwa jina lake.