Gari la Wagonjwa Peke Yake Halitoshi

Mhariri wa gazeti hili ameniomba nieleze kazi ninayoifanya tangu nilipoondoka katika shule hii nikasomea uuguzi, yaani kazi ya kuhudumu katika gari la wagonjwa la kampuni moja ya hapa Arusha. Nimekubali kwa furaha, walakini sitaishia katika kueleza kazi tu. Nina maoni, nayo ni haya: yafaa kila mwanafunzi wa shule yetu afundishwe huduma ya kwanza kabla ya kumaliza Kidato cha Pili, wala jambo hili lisiachwe kwa Skauti peke yao. Kazi yangu ndiyo iliyonifanya niamini hivyo.

Watu wengi hudhani kuwa sisi kutwa tunakimbia barabarani na king'ora kinalia. Hasha! Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kungoja, kusafisha na kukagua. Tufikapo asubuhi, dereva hutazama matairi, breki na mafuta, nami hutazama mtungi wa hewa ya oksijeni, machela, bandeji, glavu na dawa. Mgonjwa akishashushwa, gari huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, maana damu ya mmoja isiwe maradhi ya mwingine. Safari nyingi ni za kuhamisha wagonjwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, pengine mpaka KCMC huko Moshi, mwendo wa kilometa 80 hivi. Siku nyingine twakaa uwanjani wakati wa mchezo wa mpira, au twaitwa lango la Momella kumpokea mpanda mlima aliyeugua huko juu Meru.

Wadogo zangu mnaouliza hesabu zitawafaa nini, sikilizeni. Tuseme mtungi umebakiwa na lita 600, na mgonjwa anahitaji lita 10 kila dakika. Hewa hiyo itatosha dakika 60 tu. Je, kwa msongamano wa magari tuujuao kutoka Arusha hadi Moshi, utafika? Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, lakini ukiikosea hupati alama ya mkasi. Mtu hukata roho njiani. Kampuni moja niliyoitumikia zamani ilikuwa na desturi ya kutupa mitungi iliyobakia nusu ili kupunguza gharama. Siku moja nilikataa kuondoka mpaka tuletewe mwingine uliojaa. Niliambiwa nina kiburi, lakini mtungi uliletwa. Kwa hiyo anayeitaka kazi hii asitafute mbio za gari. Atafute ukweli, usafi, subira, na mwandiko unaosomeka, maana daktari atakayempokea mgonjwa atategemea yale tuliyoyaandika.

Sasa nije kwenye shabaha yangu. Mtu ambaye moyo wake umesimama, ubongo wake huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Mshipa mkubwa ukikatika, damu yaweza kummaliza mtu kwa dakika chache tu. Nasi tukiitwa Kwa Mrombo, hata dereva awe hodari namna gani, atapambana na vifodi, bajaji na bodaboda, na watu wengi wasiotaka kupisha njia. Kisha ataingia katika vichochoro ambavyo wakati wa masika ni tope tupu, akielekezwa kwa simu kuwa nyumba iko "pale juu ya bucha, uliza tu." Hakuna dereva duniani awezaye kufika kwa dakika 4 katika hali hiyo. Dakika hizo si zetu. Ni za jirani, za muuza duka, za mwanafunzi anayepita na mfuko wake wa vitabu.

Nasi tufikapo twakuta nini? Twakuta kundi la watu, na baadhi yao wanapiga picha kwa simu. Aliyezimia amemwagiwa maji usoni, na mwingine anajaribu kumnywesha. Mwenye kifafa ametiwa kijiko kati ya meno. Kijana wa bodaboda aliyevunjika ameburutwa kwa mikono miwili na kukunjwa ndani ya bajaji kama gunia. Sisemi kwamba watu wetu ni wakatili. La, wamekuja mbio kwa sababu wana huruma. Kilichopungua ni mafundisho.

Sisi wa Kwa Mrombo tuna sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko wengi. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Msingi ya Lucky Vincent, ya hapahapa kwetu, lilitumbukia korongoni Rhotia, wilaya ya Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wazee wengi wasomao gazeti hili walikuwako katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya kuaga miili, nami sina haja ya kuamsha majonzi yao. Lakini kuna jambo lisilofaa kusahauliwa. Watoto 3 walipona. Wageni wachache kutoka Marekani, wa shirika la STEMM, wenye ujuzi wa kuhudumia majeruhi, walikuwa wakipita katika njia ile, walishuka wakasaidia. Baadaye watoto hao walipelekwa Marekani kwa matibabu, na mwezi Agosti mwaka uleule walirudi nyumbani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli. Lakini je, kila siku tumngoje mgeni apite?

Wala si lazima msaidizi awe daktari. Katika nchi yetu upo mpango uitwao m-mama, ulioanzia kanda ya Ziwa, na tangu mwaka 2022 serikali imeueneza nchi nzima. Mama mjamzito, aliyejifungua, au mtoto mchanga akipatwa na hatari, namba 115 hupigwa bila malipo. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, huitwa dereva wa kawaida wa hapo kijijini aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Wakunga, madaktari na zahanati mpya wana sehemu yao kubwa katika jambo hilo, lakini hata dereva wa teksi anaweza kuwa kiungo katika mnyororo wa uhai.

Tena tazameni mji wa Pittsburgh, Marekani. Zamani huko wagonjwa walibebwa na magari ya polisi au ya mazishi, bila matibabu yoyote njiani. Mwaka 1967 vijana weusi wa mtaa wa Hill, wengi wao wasio na kazi, waliandikwa katika shirika la Freedom House, na mafunzo yao yaliongozwa na daktari Peter Safar. Vijana hao ambao watu waliwadhania hawafai kitu wakawa mfano wa wahudumu wa magari ya wagonjwa duniani. Je, vijana wetu wanaokaa vijiweni Kwa Mrombo wamepungukiwa nini zaidi ya mwalimu?

Najua mtakayonijibu. Mwalimu atasema ratiba imejaa. Mimi naomba Jumamosi sita tu katika muhula mmoja. Mzazi atasema hana fedha za mchango mwingine. Twahitaji vitambaa safi, mkeka na mtu wa kufundisha, nami niko tayari kuja bila malipo. Mwingine atasema, "Nikimgusa majeruhi nitaitwa polisi kutoa ushahidi." Namjibu kwamba ni afadhali kuitwa shahidi kuliko kuitwa mazishini.

Mafundisho yenyewe ni machache. Damu ikitoka kwa wingi, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, wala usiachie kila mara ili kuchungulia. Aliyezimia lakini anapumua, na hakuumia shingo wala mgongo, alazwe ubavu, wala asinyweshwe kitu. Asiyepumua, mlaze chali ubonyeze katikati ya kifua chake, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wala usichoke mpaka msaada ufike. Aliyeungua atiwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno. Aliyeanguka asiburutwe, isipokuwa pana hatari ya moto, maji au magari. Na mmoja asimame barabarani atuonyeshe njia. Huyo wa mwisho hutusaidia kuliko watu kumi wenye kupiga kelele.

Namwomba Mkuu wa Shule na Bodi walifikirie shauri hili kabla ya muhula ujao kuanza. Namba 115 na iandikwe kwa rangi ukutani karibu na lango, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Sisi wa magari ya wagonjwa tutaendelea kuja upesi kadiri tuwezavyo. Twaomba tu kwamba tutakapofika, tumkute mtu amekwisha kuanza kazi.