Kiwimbi Si Urembo

Shosho yangu alizaliwa Meru akaolewa Embu. Alipofariki, nilipewa kazi ya kijitabu cha mazishi kwa sababu eti mimi ndiye mtu wa kompyuta. Nikachagua fonti ya serifu niliyoinunua kwa pesa yangu, tena ile nzito ya mlazo ambayo majarida hupenda kwa vichwa. Jina lake lina ũ mbili na ĩ moja. Nilipoliandika, herufi hizo tatu zilitoka nyembamba, zimesimama wima katikati ya zingine zilizolala. Fonti haikuwa nazo, kwa hivyo programu ilienda kuazima kwingine.

Jamaa wa kuchapisha akaniambia, "Toa tu hivyo vialama, watu wataelewa."

Hapo ndipo ninapokataa. Kĩembu na Kĩmĩĩrũ vina irabu saba. Kiswahili kina tano. Hizi ĩ na ũ ni irabu kamili, si i na u zilizovalishwa kofia. Unataka ushahidi? Neno shosho limetoka kwa cũcũ, na sikio la mtaa likasikia o. Ukifuta kiwimbi umebadilisha sauti. Kwa jina la mtu, umemwita mtu mwingine.

Na msiniambie ni shida ya teknolojia. Herufi hizi zimo katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, tangu miaka ya 1990. Kivietinamu kinazitumia zote mbili, ndiyo maana fonti zinazohudumia lugha hiyo huwa nazo. Noto Serif ya Google ni ya bure, na inazo hadi kwenye nzito ya mlazo. Shida ni sisi wanunuzi: tunalipa bila kuuliza.

Hata hivyo, Kivietinamu hakitatuokoa kabisa, maana hakina ĩĩ. Andika Kĩmĩĩrũ kwa mlazo mzito uone: mara nyingi viwimbi viwili vinasukumana kama matatu stejini. Aliyechora fonti hiyo huenda hajawahi kukutana na neno hilo. Ataliona wapi, kama sisi wenyewe tunalikata ili fonti yake ipendeze?

Beyoncé hupata alama yake bila mjadala. Lakini Njũri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, linageuka Njuri, na Ngũgĩ wa Thiong'o anageuka Ngugi, kwenye kurasa zetu hizi hizi.

Kwa hivyo, msanifu mwenzangu, kabla hujatoa pesa, andika Kĩmĩĩrũ kwa kila uzito na kila mlazo. Ikishindwa, mwandikie aliyeitengeneza umwambie, kisha utafute nyingine. Jina usiliguse.

Kijitabu cha shosho nilikipanga upya usiku huo kwa Noto Serif. Hakikuwa na madoido niliyotaka. Fonti niliyoinunua bado imekaa kwenye laptopu, nzuri ajabu, na haijui kuandika jina lake.