Prodyuza wa Makongolosi Amwangushia Fundi Jumba Bovu, Kumbe Kompyuta Ndo Haipumui!

Stori ya mjini Makongolosi kwa wiki mbili hizi siyo dhahabu, ni kompyuta. Prodyuza mmoja mwenye jina lake pale, ambaye msanii chipukizi wa upande wa Chunya akitaka biti kali lazima abishe hodi kwake, alirusha video akimchana fundi mmoja wa kompyuta. Jina hakulitaja. Ila kwa mji ule, ukisema "yule dogo wa kibanda cha stendi" umeshataja mpaka jina la bibi yake. Kapsheni ilisema dogo kamuulia mashine ya mamilioni. Kilichofuata kwenye komenti kila mtu anakijua: mwizi, kanjanja, arudi kuuza vocha.

Ubishi mwingine ni wa kupita. Huu unagusa ugali wa mtu. Fundi ni kijana mdogo tu, simu za watu ndo zinamlipia chumba. Baada ya video kuna mama alipita kibandani kuchukua simu yake ikiwa haijaguswa hata skrubu, akasema ataipeleka Mbeya mjini. Wengine hawakusema kitu, walipita tu upande wa pili wa barabara.

Na upande wa pili kuna vijana wa karashani waliochanga hela ya jasho lao kurekodi wimbo wa harusi ya mwenzao. Mashine ilizima katikati ya kumiksi, ilipowaka faili la vokali likagoma kufunguka. Harusi ikafika, wimbo hakuna. Prodyuza alihitaji mtu wa kumbebesha lawama, akaenda kwa aliye karibu.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe, maana ukweli wote uko humo.

Ni kompyuta ndogo, kasha lake kama boksi la viatu lililosimamishwa, ubavu mmoja kioo, taa za rangi kila kona. Ndani kuna prosesa ya nguvu na kadi kubwa ya grafiki vimebanana kama abiria wa Noah. Inapozwa kwa maji: pampu imekaa juu ya prosesa, mipira miwili inapeleka maji kwenye rejeta, feni zinapuliza. Halafu imeovaklokiwa, yaani prosesa imelazimishwa kukimbia kuliko spidi iliyotoka nayo kiwandani. Kwenye picha ni kitu cha hatari. Prodyuza akaifungia kwenye kabati la kioo ukutani, nyuma ya kiti chake, ili kila video ionekane.

Ndani ya mwezi ikaanza kuzima yenyewe. Dogo akaitwa. Akapuliza vumbi, akabadilisha pesti ya prosesa, na kwa mujibu wa watu waliokuwepo studio siku ile akasema: "Braza, hii itoe kabatini, igeuze, halafu upunguze volteji." Prodyuza akamjibu, "Dogo, hii ina maji, haiwezi kuchemka." Akamlipa, akamsindikiza mlangoni.

Hilo jibu la "ina maji" ndo kosa lenyewe, na siyo la prodyuza peke yake. Watu wengi wanadhani maji yanameza joto na biashara inaishia hapo. Maji kazi yake ni kubeba. Yanalichukua joto kwenye prosesa yanalipeleka kwenye rejeta, na pale rejetani anayelipokea ni hewa. Hewa ikiwa ya moto, au ikiwa haipo, maji yanarudi na mzigo wao kama yalivyokwenda. Wala hayawezi kuwa ya baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, hata ununue pampu ya bei gani.

Madereva wa malori wanalijua hili bila kusoma popote. Lori likipanda Kitonga pale Iringa na rejeta imejaa matope na nyasi, maji yapo tele ila yanatokota. Hata Makongolosi penyewe, nani hajaona injini ya dizeli ya karasha inatoa mvuke na kijana amesimama pembeni na ndoo?

Wenye kupenda hesabu waangalie hii. Chukua prosesa inayotoa joto la wati 250, ambalo kwa mashine iliyoovaklokiwa ni jambo la kawaida. Maji yakizunguka lita 1 kwa dakika, kila yakipita yanapanda digrii zisizofika 4. Kwa hiyo pampu kubwa zaidi haileti miujiza. Njoo upande wa hewa: feni ikipitisha mita 1 ya ujazo kwa dakika kwenye rejeta, joto hilohilo linaipandisha hewa kama digrii 13 ukiwa Dar. Ukiwa Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo feni ileile inaipandisha kama digrii 15. Makongolosi iko chini kuliko Mbeya mjini, ila ina joto zaidi na vumbi usiseme. Yaani zile video za Marekani za kukuonyesha mashine inakaa digrii 65 haikupigiwa hesabu ya huku.

Sasa chukua mashine hiyo uifungie kwenye kabati. Feni zinatoa hewa ya moto, hewa inagonga kioo, inarudi, zinaivuta tena. Baada ya saa moja ya kumiksi kabati limekuwa oveni lenye taa za disko. Prosesa nyingi za Intel za mezani zikifika digrii 100 zinajipunguza spidi zenyewe ili zisiungue. Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 AMD waliziwekea 95. Maana yake jamaa aliongeza spidi kwa mkono wa kulia, joto likamnyang'anya kwa mkono wa kushoto. Na ikishindwa kabisa inazima kujiokoa. Ikizima wakati inaandika faili, ndo hapo wimbo wa harusi ulipokwenda.

Kipimo cha kumaliza huu ubishi ni bure. Toa ule ubavu wa kioo, acha mashine ifanye kazi ileile nzito kwa robo saa, soma joto. Likishuka sana, tatizo ni hewa, siyo maji wala pesti wala fundi. Inasemekana dogo alikifanya kipimo hicho mbele ya prodyuza na joto likashuka digrii 12. Kama ni kweli, basi mtu alirekodi ile video akiwa anajua.

Lile la "igeuze" nalo liliwachekesha wengi kwenye komenti, wakasema fundi gani anatibu kompyuta kwa kuigeuza. Wacheke polepole. Mitambo hii ya maji ya kufungwa kiwandani haijai maji kwa asilimia 100, kuna kahewa kadogo ndani, na miaka inavyokwenda maji yanapotea taratibu kupitia kwenye mipira. Hewa inapenda juu. Rejeta ikiwa juu ya pampu, hewa inakaa kwenye rejeta haina madhara. Pampu ikiwa ndo kitu cha juu kabisa, hewa inakaa kwenye pampu, na pampu inayozungusha hewa haipozi kitu, halafu inakufa mapema. Prodyuza alilisimamisha kasha kichwa chini ili upande wenye taa utazame kamera. Mule ndani kukawa kunasikika kama uji unachemka. Kuna msanii mpaka aliuliza kama ile ni sauti ya biti.

Tena kuna ishu ya upande gani feni zinavuta. Kwenye kasha kubwa unaweza kuzembea. Kwenye kasha dogo, rejeta ikiwekwa kutoa hewa nje, inapozwa na hewa ambayo kadi ya grafiki imeshaichemsha. Ikigeuzwa ivute hewa ya nje moja kwa moja, prosesa inapoa vizuri na kadi inapata hewa ya uvuguvugu kidogo. Lazima uchague nani ale kwanza. Kwa mtu wa muziki, anayeibebesha prosesa mzigo wa programu-jalizi na vokali na kadi ya grafiki karibu imelala, jibu liko wazi. Mcheza gemu anaweza kuchagua tofauti.

Haki yake prodyuza apewe pia. Kabati lilikuwa na sababu mbili zenye akili. Vumbi la Makongolosi linaingia mpaka kwenye sukari, na maiki ya kondensa inanasa feni kama inavyonasa jogoo wa jirani. Ukirekodi vokali chumba kimoja na mashine inayopiga kelele, utaisikia kwenye wimbo mpaka unaingia kaburini. Ndo maana alizishusha feni zizunguke kidogo kabisa muda wote. Hapo alikuwa anatatua tatizo la kweli kwa njia mbaya.

Njia nzuri ipo. Feni ziambiwe zifuate joto la maji, siyo la prosesa. Joto la prosesa linaruka kila sekunde, na feni zinaruka nalo, vuu, kimya, vuu. Maji yanapanda polepole, feni zinapanda polepole. Na kurekodi vokali siyo kazi nzito, kumiksi ndo nzito, na wakati wa kumiksi maiki imezimwa. Kwa hiyo kelele zinakuja muda ambao hazimdhuru mtu. Vumbi nalo dawa yake ni kitambaa chepesi cha wavu kwenye matundu ya kuingizia hewa na kukifua kila wiki, pamoja na kupuliza rejeta huku umeshika feni isizunguke. Kabati halihitajiki popote kwenye mpango huu. Au mashine ikae chumba cha pili, waya zipite ukutani, kama studio nyingi zinavyofanya.

Halafu volteji, ambako ndo ushauri wa dogo ulikuwa wa kiutu uzima kuliko yote. Joto la prosesa linapanda na spidi, ila linapanda na volteji mara mbili yake, yaani volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Tuseme mtu ametoka gigahezi 5.2 kwa volti 1.35 akashuka gigahezi 4.9 kwa volti 1.20. Spidi imepungua chini ya asilimia 6. Joto limepungua karibu robo nzima. Hakuna rejeta inayoingia kwenye kasha la ukubwa ule inayoweza kukupa robo bure. Kwa masikio ya msanii tofauti ya spidi haipo. Na wale wanaoona volteji kubwa ni uanaume wakumbuke mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 ziliyumba kwa kupewa volteji kupita kiasi, wakatoa marekebisho na kuongeza miaka 2 ya waranti.

Madokta wa komenti nao wasiachwe. Mmoja kashauri barafu. Kitu kikiwa baridi kuliko hewa ya chumbani kinatoa jasho, kama chupa ya soda, na jasho hilo linadondokea kwenye bodi. Mwingine kasema iwekwe kwenye friji, kama vile friji ya nyumbani imetengenezwa kupambana na jiko la wati 250 usiku kucha. Wa tatu kasema maji yabadilishwe yawekwe ya bomba. Maji ya bomba yana chumvi, ndani kuna shaba na mara nyingine alumini, na metali mbili tofauti kwenye maji ya chumvi zinaanza kulana. Mitambo mingi ya namna hii haikutengenezwa ifunguliwe kabisa. Hata Apple, pamoja na hela zao zote, Power Mac G5 ya mwaka 2004 waliyoipoza kwa maji, baadhi zilikuja kuvuja. Dogo hakuigusa mipira. Hilo peke yake linaonyesha nani alikuwa anaijua kazi pale studio.

Prodyuza anaruhusiwa kukasirika. Mashine ni yake, hela ni yake, na kupoteza kazi ya mteja kunauma. Lakini mwenye folowazi wengi akimnyooshea kidole mwenye kibanda, siyo ugomvi wa watu wawili tena. Dogo hana ukurasa wa kujibia, ana bango la kuchora kwa mkono. Deni analodaiwa ni video ya pili, ndefu kama ile ya kwanza, na kwenye ukurasa uleule. Vijana wa karashani nao wanadai hela yao au wimbo wao, hata kama harusi imepita.

Jumapili prodyuza kaposti kionjo cha biti mpya. Wenye macho wameona. Kabati nyuma ya kiti limejaa vikombe na picha za wasanii. Kompyuta iko mezani karibu na dirisha, imesimama upande wake sahihi, kioo cha ubavu kimetolewa. Biti imepiga dakika 3 nzima, mashine haijazima. Ile video ya kumchana fundi bado ipo, imebandikwa juu kabisa ya ukurasa.