Malili Walishuka Kwenda Choo

Mwaka jana binamu yangu alienda Hispania. Siku kumi, na wanafunzi wenzake na walimu wawili, kwenye safari iliyoitwa ya kubadilishana utamaduni. Baba yake aliuza mbuzi soko la Emali. Sisi wengine tulichanga kwa M-Pesa, na unajua ile aibu ya jina lako kuonekana kwenye kikundi cha WhatsApp na mia tano mbele yake. Nilichanga, kwa hivyo nina haki ya kuongea.

Mwaka huu ikawa zamu ya Wahispania kuja. Walikuwa wanaenda Amboseli kupitia Emali, na ukishika Mombasa Road lazima upite Malili. Shangazi alikuwa ameshapika muthokoi, amechinja kuku wawili, amepaka nyumba chokaa. Gari zao zikasimama petroli stesheni dakika kumi na tano, watoto waende choo. Picha, kukumbatiana, hao wakaenda kuona ndovu. Kuku tulikula sisi.

Eti kubadilishana.

Sisi tunaenda kwao kuwa onyesho, wao wanakuja kwetu kuona onyesho. Huko Hispania watoto wetu walicheza kilumi jukwaani dakika nne, wamevaa vitambaa vya madoa ya chui ambavyo sijawahi kuona mtu akivaa Malili, hata kwa harusi. Kilumi! Ngoma ya akina mama wazee, ya kuomba mvua na kumtibu anayesumbuliwa na pepo. Walijifunzia YouTube, wiki moja kabla ya safari. Nyanya alipoonyeshwa video aliuliza mgonjwa ni nani.

Halafu kuna mlango. Tangu Januari 2024 Mhispania hahitaji viza ya Kenya: anajaza fomu ya eTA kwa simu, analipa dola 30, amemaliza. Binamu yangu alichukuliwa alama za vidole, akatafutiwa bima ya matibabu ya yuro 30,000, na baba yake, mtu wa mbuzi, akaambiwa alete taarifa ya benki.

Najua mtu ataniambia, bro, si umwache mtoto aone dunia. Aone! Lakini kama ni utalii tuuite utalii, tuchange tukijua.

Na inawezekana kufanya vizuri zaidi. 2018 Kenya ilileta madaktari kama 100 kutoka Cuba, ikapeleka 50 wetu kule kusomea udaktari wa familia. Mpango ule ulikuwa na shida tele. Chama cha madaktari kilipiga kelele kwa sababu kuna madaktari wetu wasio na kazi, Aprili 2019 Wacuba wawili wakatekwa nyara Mandera, na 2023 serikali ikaufunga. Lakini watu waliishi. Wetu ilibidi wajue Kihispania, na Mcuba ilibidi amwelewe mgonjwa ambaye hata Kiingereza hajui. Huwezi kumtibu mtu kupitia dirisha la gari.

Binamu yangu alienda na maneno mawili, hola na gracias. KCSE ina Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, Kihispania hakuna. Na Kihispania ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili, maana Guinea ya Ikweta iko bara hili hili. Mbona sijasikia harambee ya kwenda Malabo?

Shule inapanga safari nyingine. Nimeshaongezwa kwenye kikundi. Nimeandika kwamba nitatoa elfu tano siku nitakayoona majina ya watoto wa huko watakaolala Malili usiku saba, kwa shangazi, wachote maji, wale muthokoi, watembee hadi Konza kwenye zile ekari 5,000 za ranchi zilizogeuzwa mji wa kidijitali, wawaulize wazee wanauonaje.

Mwekahazina amejibu kwa emoji ya maombi. Kisha akatuma namba ya paybill.