Msizitupe zile draivu za DVD

Kwenye stoo ya maabara yetu ya kompyuta kuna boksi limeandikwa kwa maka peni: TUPA. Ndani kuna draivu za DVD 31, zilizong'olewa kwenye kompyuta za mezani idara ilipobadilisha mashine. Nimezihesabu mwenyewe. Fundi wa maabara anasema wiki ijayo zinakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Naandika haya ili zisiende.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilipeleka andiko la mradi wa mwaka wa mwisho: kubuni saketi ya kuendesha leza ya mashine ya kuchomea CD na DVD, iwe na kasi na isile umeme ovyo. Likarudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: teknolojia imekufa, tafuta kitu cha kisasa. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja akapeleka pipa la taka linalojifungua mtu akikaribia, likapita siku hiyohiyo. Simwonei wivu, pipa lake linafanya kazi (mara nyingi). Ila jamani, ni pipa la ngapi hilo tangu tuingie chuo?

Nusu ya hoja ya msimamizi naikubali. Nani anachoma CD siku hizi? Hata tasnifu tunapandisha mtandaoni, na laptopu za wadogo zetu wa mwaka wa kwanza hazina hata tundu la kuingizia diski. Vibanda vya kuchoma muvi vilihamia kwenye flashi, vingine leo ni vya wakala wa pesa za simu. Sawa. Lakini kilichokufa ni diski. Saketi iko hai, na ndiyo inayofundisha.

Tuanze na kasi. CD ikichomwa kwa 1x, kipimo kidogo cha wakati kinachotumika kupima alama, kile wahandisi wanachokiita T, ni nanosekunde 231 hivi. Alama fupi kabisa ni 3T, ndefu kabisa ni 11T. Panda hadi 52x, T inashuka hadi nanosekunde 4 na nusu. DVD kwa 16x ni balaa zaidi: T ni kama nanosekunde 2.4, na ukingo wa nje wa diski unapita chini ya lenzi kwa mita 56 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 200 kwa saa. Treni yetu ya SGR inaishia 160. Katika mwendo huo leza inatakiwa kuacha alama yenye urefu wa maikromita 0.4, ianze hapa na iishie pale. Ikirefuka kidogo, 3T inasomeka 4T, na makosa ya namna hiyo yakizidi faili lako limekwenda na maji.

Wala si suala la kuwasha na kuzima tu. Ukimwaga mkondo uleule tangu mwanzo hadi mwisho wa alama, joto linajikusanya njiani na alama inatoka na umbo la tone la machozi, nyembamba mwanzoni na nene mwishoni. Kwa hiyo saketi inaanza na pigo lenye nguvu la kupasha moto, inashuka kwenye ngazi ya chini au vipigo vidogovidogo vya kushikilia joto, halafu inakata ghafla ili papoe. Ngazi tatu au nne za mkondo, zote zinabadilishwa ndani ya nanosekunde chache. Mbinu iliyozoeleka ni kuwa na vyanzo kadhaa vya mkondo vilivyowekwa tayari, kimoja cha kusomea na vingine vya kuandikia, halafu transista za haraka zinavielekeza kwenye leza au pembeni. Hakuna anayeanza kujenga mkondo kutoka sifuri wakati alama imeshafika.

Hapa ndipo lile desa la mwaka wa pili linapokutana na waya. Sote tulikariri kwamba volteji ya indakta ni indaktansi mara kasi ya mkondo kubadilika. UE ikapita, tukasahau. Sasa chukua kiwaya cha nusu sentimita hivi, chenye nanohenri 5. Badilisha mkondo wake kwa miliampia 200 ndani ya nanosekunde 1. Kiwaya hicho peke yake kinadai volti 1. Una volti 5 tu kwa kila kitu, na leza nyekundu ishachukua mbili na ushee.

Mimi sikuamini mpaka nilipoua leza. Ya kwanza ilikufa kwa umeme tuli wa vidole vyangu, hiyo niiache. Ya pili niliiendesha kupitia nyaya za urefu wa kiganja kwenye bredibodi. Mkondo ulipowaka ukaruka juu ya kiwango, ukayumba, ukatulia. Leza haikutulia. Nuru kupita kiasi kwa muda mfupi sana inatosha kuunguza uso mdogo inamotokea, na baada ya hapo dayodi inabaki kufifia kama taa ya rimoti ya zamani. Sasa fungua draivu yoyote ya lile boksi. Chipu ya kuendesha leza haiko kwenye bodi kuu. Imepanda juu ya kichwa kinachotembea, imekaa jirani kabisa na leza, na kutoka bodi kuu kunakuja utepe bapa unaoleta amri tu. Ukishaua leza yako mwenyewe hakuna haja ya mtu kukueleza kwa nini.

Sasa umeme. Mnakumbuka zile draivu za nje za USB, zilizokuja na waya wenye vichwa viwili upande wa kompyuta? Watu walidhani ni urembo. Tundu moja la USB 2.0 linaahidi miliampia 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, za kuzungusha mota, kusogeza kichwa na kuendesha leza kwa pamoja. Chukulia mfano leza inakula wastani wa miliampia 300. Kwa volti 5 hiyo ni wati 1.5. Kama leza yenyewe inahitaji volti 2.7, basi karibu wati 0.7 zinageuka joto ndani ya saketi ya kuiendesha bila kuchoma hata alama moja. Na joto hilo liko palepale kwenye kichwa, karibu na leza. Leza ikipata joto, mkondo unaohitajika ili ianze kutoa nuru yake unapanda. Fotodayodi inayochunguza nuru inaona imepungua, saketi inaongeza mkondo, joto linazidi, na mchezo unaanza upya.

Dawa yake ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Huwezi kupata kasi na ubanifu kutoka kwenye saketi moja, kwa hiyo unagawa kazi. Kigeuzi cha volteji cha polepole kinashusha volti 5 hadi kidogo tu juu ya kile leza inachohitaji, na kinafuata joto na wastani. Saketi ya haraka inabaki na kazi ya kingo za vipigo peke yake, ikiwa na volteji ndogo ya kupoteza. Ukibana volteji sana, kingo zinalegea. Ukiilegeza, unapika leza. Kati ya hapo ndipo mhandisi anapokula mshahara wake. Kwa leza ya bluu ya Blu-ray mambo yanageuka: yenyewe inataka kama volti 5, kwa hiyo inabidi upandishe badala ya kushusha.

Na hii ndiyo teknolojia iliyokufa? Kile kiboksi cha faiba kinacholeta intaneti majumbani kina leza ndani, nacho lazima kiiwashe na kuizima kwa zamu yake, haraka, bila kuruka juu ya kiwango, huku joto likibadilika. Vipima umbali vya leza vya kwenye magari vinapiga vipigo vya nanosekunde chache na vinapambana na kiwaya kilekile cha nusu sentimita. Tofauti ni kwamba hivyo vinauzwa bei ambayo bumu langu haliwezi, na draivu 31 ziko stoo bure.

Nimeambiwa pia kwamba hatuna vifaa vya kupimia. Kweli, oskiloskopu yetu ya megahezi 20 haiwezi kuonyesha ukingo mfupi kuliko nanosekunde 17 au 18. DVD ya 16x hatutaiona. Lakini CD ya 1x, yenye T ya nanosekunde 231, inaonekana vizuri, na hata 4x, yenye 58, inaonekana. Unajenga hapo, unapima, kisha unakokotoa kitakachotokea ukiongeza kasi. Huo ni mradi kamili, na makosa yake ni ya kwako, hukuyakuta kwenye video ya mtu.

Hofu moja tu naiheshimu, nayo ni macho. Leza ya kuchomea DVD si taa ya kuchezea paka, na ile ya CD ni mbaya zaidi kwa sababu nuru yake ya nanomita 780 karibu haionekani: unaweza kuumia bila hata kupepesa. Miwani ya leza inayofaa kwa mawimbi yote mawili, kisanduku kilichofunikwa, na fundi awepo. Bila hivyo hata mimi nasema hapana.

Naiomba idara mambo mawili. Boksi libaki maabara, chini ya fundi, kwa yeyote atakayejiandikisha. Na andiko langu lisomwe upya na mwalimu wa elektroniki, hata kama mwisho wake atalikataa. Nitajua limekataliwa kwa hesabu zake. Fundi amenipa mpaka Alhamisi.