Chujio la Umeme na Mngurumo wa Sabufa



Barua tunayoijibu wiki hii imetoka Mlali, wilayani Mvomero, pale barabara itokayo Sangasanga inapoiacha tambarare na kuanza kuikabili milima ya Uluguru kuelekea Mgeta. Aliyeandika ni baba wa familia. Anasema mama yake mzazi amepungukiwa na nuru ya macho kwa uzee, na tangu aliposhindwa kusoma msahafu amekuwa akitegemea sabufa ya sebuleni: baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi wajukuu humwekea juzuu moja kwenye simu, naye hufuatisha kwa midomo. Tatizo ni kwamba sabufa inanguruma. Kila qari anapotua kuvuta pumzi, mngurumo hujaa chumba kizima, na mama huyo hulalamika kuwa unamchanganya.

Muuzaji mmoja wa vifaa vya sauti mjini Morogoro amemwambia ndugu yetu kuwa nyumba yake inapokea “umeme mchafu”, na kwamba dawa yake ni chujio la umeme. Bei ya chujio hilo, kwa maneno yake mwenyewe, inakaribia karo ya muhula mzima ya mwanawe. Fundi wa jirani naye amependekeza dawa isiyo na gharama: kufungua plagi ya sabufa na kukata ule waya wa rangi ya kijani na manjano. Ndugu yetu anauliza amfuate nani.

Tunamwambia asimfuate yeyote kati yao. Ushauri wa muuzaji utamla fedha. Ushauri wa fundi unaweza kumla mtu, na tutaurudia hapo chini kwa urefu unaostahili.

Kwanza tumpe muuzaji haki yake, maana hakusema uongo mtupu. Umeme wa nchi yetu unakusudiwa kuingia nyumbani ukiwa na volti 230, ukipanda na kushuka mara 50 katika kila sekunde. Njiani hukusanya mengi. Mashine ya kusaga inapowashwa, taa za majirani hufifia. Fundi wa kuchomelea anapofanya kazi, redio hukwaruza. Chaja na balbu za bei nafuu nazo hurudisha kwenye nyaya mitetemo ya kasi kubwa sana. Uchafu huo upo, na mwenye kipimo anaweza kuuona. Linalobaki kuulizwa ni kama unafika sikioni.

Watu wa Mlali wanaolima nyanya na mboga kwa maji ya milimani watatuelewa haraka. Maji ya mfereji huja yakiwa na tope, mara mengi, mara machache. Lakini mwenye tangi hupata bombani maji yaliyotulia, kwa sababu tangi hupokea vurugu na kutoa utulivu. Ndani ya kila amplifaya limo tangi la namna hiyo. Umeme wa ukutani haufiki kwenye spika kama ulivyo. Hupunguzwa na transfoma, hugeuzwa kuwa wa kwenda upande mmoja, kisha huhifadhiwa katika kapasita kubwa ambazo kazi yake ni kuufanya uwe tulivu. Kwa maneno mengine, ndugu yetu ana chujio tayari, lilikuja ndani ya sabufa, na alilipia siku aliyoinunua. Sehemu kubwa ya uchafu wa kasi utokao kwenye chaja na balbu huishia hapo, na ulio mwingi ni wa kasi iliyo juu mno kuliko sikio la mwanadamu, ambalo kwa kijana mwenye afya hukomea mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na kwa mzee huwa chini ya hapo sana.

Lipo na jambo jingine ambalo muuzaji hakulisema, nalo kwetu ndilo linalokata shauri. Mngurumo anaousikia mama huyo, ule wa chini na usiobadilika, ni sauti ya umeme wenyewe: mitetemo 50 kwa sekunde, au maradufu yake, 100. Chujio la umeme hutengenezwa makusudi liache mitetemo 50 ipite bila kuguswa, kwa sababu hiyo ndiyo umeme unaoendesha chombo. Lingeizuia, sabufa isingewaka. Vipi basi kifaa kilichoundwa kuipitisha kitatuondolea mngurumo wake?

Hatusemi kwamba chujio halina kazi popote. Mwenye redio ya masafa ya kati au mafupi, anayetafuta stesheni ya mbali usiku, anaweza kweli kusikia nafuu, kwa kuwa redio za namna hiyo hunasa ile mitetemo ya chaja na balbu kana kwamba nayo ni matangazo. Ila kabla ya kununua chochote na aiwashe redio kwa betri. Kelele ikikoma, inapita katika nyaya na chujio huenda likafaa. Ikiendelea, inakuja kwa njia ya hewa, na atapata faida zaidi kwa kuzima balbu moja moja mpaka ampate mchokozi. Vivyo hivyo wale wa vijiji vya juu wanaotumia sola: inveta ya bei ya chini hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya ule laini, na amplifaya yenye transfoma ya zamani huweza kuvuma kwa sababu hiyo. Hapo tofauti ya umeme husikika wazi, na dawa yake ni inveta bora.

Wapenzi wa sauti duniani wamekwenda mbali zaidi ya muuzaji wetu. Mwaka 2016 gazeti la Marekani, Wall Street Journal, liliandika habari za Wajapani waliosimamisha nguzo na transfoma zao binafsi nje ya nyumba ili muziki wao usichangie umeme na jokofu la jirani. Fedha ni zao. Sisi tunaandikia nyumba ambazo transfoma moja huhudumia mtaa mzima, na humo yapo matatizo ya umeme ya kweli ambayo chujio haliyagusi.

La kwanza ni umeme mdogo. Saa za jioni, kila nyumba inapopika na kuwasha taa, volti zaweza kushuka mno. Tuseme zimefika 180. Amplifaya ya kawaida yenye transfoma hubakiwa na kama asilimia 60 ya nguvu yake ya juu kabisa. Kwa anayesikiliza kwa sauti ya chini, upungufu huo hautambuliki. Anayekaza sauti ndiye husikia spika zikikwaruza, akadhani zimekufa. Dawa hapa ni stabilaiza yenye uwezo unaozidi mahitaji ya vyombo vilivyochomekwa. Na kwa umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, kile kifaa cha kulinda friji na televisheni, ambacho hungoja dakika kadhaa kabla ya kuupitisha, huokoa vyombo vingi kwa gharama ndogo. Radi za masika ni habari nyingine: chomoa plagi, chomoa na waya wa antena, kwani hakuna kifaa cha sebuleni kinachohimili radi iliyopiga karibu.

Sasa turudi kwenye mngurumo wenyewe, ambao karibu kila mara chanzo chake kiko ndani ya chumba. Ndugu yetu aanze kwa kushusha sauti hadi sifuri na kuchomoa waya wa simu. Ikiwa sabufa bado inanguruma, kasoro ni yake yenyewe. Kapasita hukauka kwa joto na kwa miaka, na kubadilisha kapasita ni kazi ya kawaida kwa fundi redio. Ikinyamaza, basi kelele inaingia kwa waya wa sauti. Je, simu huwa kwenye chaji wakati mama anasikiliza? Tunashuku hilo kuliko yote. Simu iliyounganishwa kwa waya wa sauti huku inachajiwa ni chanzo kikubwa cha mivumo na miluzi katika nyumba zetu. Ichajiwe kabla, ichomolewe, kisha asikilize tena. Kama sabufa imeungwa pia na televisheni na king'amuzi, auchomoe waya wa dishi na kusikiliza. Vyombo viwili vinapounganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, umeme kidogo huzunguka katika waya wa sauti uliopo kati yao, nao huvuma. Kuvichomeka vyombo vyote katika soketi moja, kuutenga waya wa sauti na nyaya za umeme, au kununua waya mzuri zaidi wa sauti, mara nyingi hutosha. Pasipotosha, vipo vitransfoma vidogo vya kutenganisha waya wa sauti, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na chujio.

Tena asisahau kurekodi kwenyewe. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyefariki mwaka 1980, alirekodi Qur'ani nzima mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa tepu na mitambo ya zama zile. Nakala zilizopita mkono kwa mkono kutoka kaseti hadi flashi hubeba mvumo na mchakacho wa kila hatua. Kelele iliyomo ndani ya rekodi haiondolewi na chochote kinachochomekwa ukutani. Wajukuu wamwekee rekodi mpya ya studio, walinganishe.

Tumefika kwenye waya wa kijani na manjano. Ni kweli kwamba ukikatwa, mngurumo waweza kukoma papo hapo, na ndiyo maana ushauri huu unazunguka mitaani na wanaoufuata hushukuru. Waya huo ndio uendao ardhini, mafundi huuita ethi. Kazi yake huonekana siku moja tu: siku waya wenye umeme unapochubuka ndani ya chombo na kugusa bati lake. Ethi ikiwapo, umeme hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika au swichi kuu hujizima. Ethi ikiwa imekatwa, hakuna kinachotokea. Chombo kinaendelea kufanya kazi vizuri, na bati lake linangoja mkono. Katika nyumba ya ndugu yetu, mkono wa kwanza kukigusa chombo hicho alfajiri ni wa mtu aliyetoka kutia udhu, mikono na miguu ikiwa na maji, naye haoni vizuri. Waya huo usikatwe. Kama umekwisha kukatwa, uungwe leo.

Nyumba nyingine zina soketi za matundu matatu ambazo nyuma yake hamna ethi yoyote, ama fimbo ya shaba iliyofukiwa ardhini imekatika au udongo wake umekauka. Dalili mojawapo ni kuwashwa vidole unapogusa bati la chombo. Na hapa ndipo chujio la yule muuzaji linapoweza kuongeza tatizo: ndani yake huwa na kapasita zinazosukuma uchafu kuelekea waya wa ardhini. Waya huo usipofika ardhini, uchafu hauna pa kwenda, na bati la vyombo hubaki na kama nusu ya volti za nyumba. Mkondo wake ni mdogo, lakini utamshtua mzee. Kwa hiyo hata anayeamini chujio hana budi kuanza na ethi. Fedha ile ya karo, au sehemu yake ndogo, itumike kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA aipime ethi kwa kipimo, na afunge kikatio cha umeme unaovuja cha miliampia 30, ambacho huuzima umeme kabla haujamdhuru mtu.

Iwapo baada ya yote hayo ndugu yetu bado anavutwa na chujio, asinunue kwa maelezo. Alichukue kwa khiyari ya sharti, yaani makubaliano na muuzaji kwamba anaweza kulirudisha, ambayo katika madh-hebu ya Shafii hayazidi siku tatu. Nyumbani, mjukuu mmoja akae nyuma ya pazia na kurusha sarafu: kichwa, sabufa ichomekwe kwenye chujio, upande wa pili, ichomekwe ukutani. Rekodi iwe ile ile, sauti iwe kiasi kile kile. Mama asikilize aseme lipi ni lipi, mara 10, na mwingine aandike majibu bila kumwambia. Kwa kubahatisha tu, kupata 9 au zaidi hutokea kama mara 1 katika 93. Akipata 9, chujio libaki. Akipata 5 au 6, lirudishwe dukani kabla siku ya tatu haijaisha.