Vijana wapime hewa kabla ya kununua kaboni

Yeyote anayesafiri katika barabara kuu itokayo Thika kuelekea Garissa hukutana, hasa mwishoni mwa juma, na magari madogo yenye ngurumo kubwa. Aghalabu huwa ni Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer, yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na ambayo yakifika nchini huanza maisha mapya mikononi mwa vijana wasioridhika na jinsi kiwanda kilivyoyaunda. Magurudumu hubadilishwa, bomba la moshi likapanuliwa, na baada ya hayo jicho huelekezwa chini ya boneti. Huko ndiko kunakotamaniwa sanduku la hewa la nyuzi za kaboni, jeusi, linalong'aa kama ngozi ya nyoka, na ambalo bei yake hufika makumi ya maelfu ya shilingi.

Kuhusu kifaa hiki pana kambi mbili. Wazee wengi huona kwamba ni upuuzi na ufujaji wa mali. Vijana nao huapa kwamba gari likishafungwa sanduku hilo huwa limezaliwa upya. Kwa maoni yangu, kambi zote mbili zimeliruka swali lililo muhimu zaidi, nalo ni hili: ni nani aliyepima? Swali hili nalielekeza kwa walimu na wanafunzi, na hasa walio katika sehemu kama Kithimani, kwa sababu jibu lake linapatikana katika fizikia ya shule ya upili, wala halihitaji maabara ya kigeni.

Tuanze na kazi ya sanduku lenyewe. Injini ni pampu ya hewa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta, kwa hesabu ya silinda zake, lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa hiyo lita moja tu ya petroli hula karibu lita 9,000 za hewa ya pwani. Hewa hiyo yote hupita ndani ya sanduku, ikachujwa vumbi, kisha ikaingia katika mabomba yanayoielekeza kwenye silinda. Hoja ya wauzaji ni kwamba sanduku la kiwandani ni jembamba na huikaba injini pumzi, ilhali la kaboni huiachia ipumue.

Hoja hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Wakazi wa Kithimani hawahitaji kwenda mbali kuupata ukweli uliosalia. Karibu nao unapita mtaro wa Yatta, uliochimbwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, ambao huleta maji ya mto Thika katika nchi hii kavu. Mkulima yeyote wa mboga anayetegemea mtaro huo anajua kwamba ukipanua mdomo wa mfereji wako na kuacha pahali pembamba katikati ya shamba, hutapata maji zaidi hata kwa tone. Maji huitii sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Hewa nayo hufuata kanuni iyo hiyo. Ikiwa pembamba pa injini yako pamo katika turbo, katika vali au katika bomba la moshi, sanduku la dhahabu halitakufaa kitu.

Wasimamizi wa mbio za magari duniani wameitumia kanuni hii kwa miaka mingi. Mwaka 1995 magari ya daraja la juu katika mashindano ya dunia, yakiwemo yaliyokuja katika Safari Rally, yaliamriwa kuvuta hewa yote ya turbo kupitia tundu la kipenyo cha milimita 34. Tundu hilo dogo lilitosha kuzizuia nguvu zao kwenye kiwango cha karibu nguvu za farasi 300. Magari ya mwaka 2017 yaliporuhusiwa tundu la milimita 36, nguvu zilipanda hadi karibu 380, ingawa mabadiliko mengine nayo yalichangia. Hakuna mhandisi wa timu yoyote ambaye angeweza kulikwepa tundu hilo kwa kununua sanduku zuri zaidi.

Basi kijana atajuaje kama sanduku lake ndilo pembamba pake? Atumie bomba la umbo la U, lile ambalo kila mwanafunzi wa fizikia amelichora daftarini anapofundishwa kanieneo, yaani msukumo wa hewa au maji juu ya eneo. Anahitaji mrija wa plastiki unaopenyeza mwanga, ubao wenye urefu wa mita moja, rula, na maji yaliyotiwa rangi. Fundi atoboe tundu dogo katika bomba lililo kati ya kichujio na injini, aunganishe upande mmoja wa mrija, na upande wa pili auache wazi. Kisha gari liendeshwe kwa nguvu zake zote juu ya mashine ya kupimia nguvu katika gereji, wala si barabarani. Injini ikivuta, maji yatapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo gharama ambayo injini inailipia sanduku na kichujio.

Hesabu inayofuata ni ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Katika usawa wa bahari, hewa iliyo juu yetu husukuma kwa nguvu zilizo sawa na za maji yenye kina cha zaidi ya mita 10. Juu ya uwanda wa Yatta, ambao umeinuka zaidi ya mita 1,000, kiasi hicho hushuka hadi karibu mita 9, yaani sentimita 900. Tuseme bomba la U limeonyesha tofauti ya sentimita 18. Gawanya 18 kwa 900, utapata asilimia 2. Maana yake ni kwamba hata sanduku na kichujio vikiondolewa kabisa, injini itavuke vumbi tupu, itaongeza hewa kwa takriban asilimia 2 tu. Kwa gari lenye nguvu za farasi 250 hao ni farasi 5. Turbo hutatiza hesabu hii kidogo, lakini haiifuti. Hakuna sanduku linaloweza kurudisha zaidi ya kile kilichopotea.

Kuna jambo la pili la kupima, nalo ni joto. Hewa ikipata joto hutanuka, na kila lita yake hubeba oksijeni kidogo zaidi. Hewa ya digrii 30 ikipashwa hadi digrii 50 hupoteza karibu asilimia 6 ya uzito wake katika kila lita. Ndiyo maana kijana anayeliondoa sanduku la kiwandani na kuacha kichujio wazi chini ya boneti, kando ya injini iliyochemka, huweza kupoteza mara tatu ya kile alichotaka kupata. Sanduku lililofungwa vizuri, linalovuta hewa ya nje mbele ya gari, ni bora kuliko kichujio kilicho uchi. Lakini hapa tena sifa ni ya umbo na uzibaji, wala si ya kaboni. Plastiki ya kiwandani nayo haipitishi joto kwa urahisi.

Je, kaboni yenyewe ina sifa gani? Sifa zake ni kubwa, hapana shaka. Mwaka 1981 kampuni ya McLaren ililiingiza katika mashindano ya Formula One gari la kwanza ambalo kiunzi chake kizima kilikuwa cha nyuzi za kaboni, na mwaka huo huo John Watson akashinda nalo mbio za Uingereza. Lakini kiunzi kile kilichukuliwa mzigo na kugongwa. Sanduku la hewa halibebi mzigo wowote ila hewa. Isitoshe, nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi zina uzito wa karibu mara 1.6 ya maji, ilhali plastiki ya polipropilini, ambayo hutumiwa sana kuunda masanduku ya kiwandani, huelea majini ikiwa haijachanganywa na kitu kingine. Wepesi wa sanduku la kaboni hutokana na wembamba wa kuta zake, si na wepesi wa kaboni yenyewe. Mwalimu anayetaka kuwashangaza wanafunzi wake na atumbukize vipande vya vyote viwili katika ndoo ya maji.

Sijagusia bado hatari iliyo kubwa zaidi kwetu, ambayo ni vumbi. Mchanga wa mito ya Ukambani, ule unaochotwa kwa malori kwenda kujenga Nairobi, una chembechembe nyingi za kwatzi, madini yaliyo magumu kuliko chuma cha kawaida. Vumbi la namna hiyo likipenya kando ya kichujio, huzisaga ringi za pistoni na kuta za silinda kama msasa. Timu za Safari Rally za miaka ya 1990 zililijua jambo hili; magari yao yalifungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kandokando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ili yavute hewa iliyo juu ya maji na mbali na tifutifu la ardhini. Mabingwa wa dunia waliokuja kutafuta kasi walitanguliza usafi wa hewa. Sanduku la kununuliwa ambalo mpira wake wa kuzibia haukukaa sawasawa, hata kama tundu lililobaki ni la upana wa kijiti cha kiberiti, ni mlango ulioachwa wazi usiku.

Aidha, katika magari mengi kuna sensa inayopima hewa iingiayo, na kompyuta ya gari huitegemea katika kupima petroli. Sensa hiyo imezoeshwa bomba la kipenyo maalumu. Sanduku jipya likija na bomba pana zaidi, hewa hupita polepole mbele ya sensa, kompyuta ikadhani kwamba hewa ni kidogo, ikatoa petroli pungufu. Injini yenye turbo ikikoseshwa petroli huku inafanya kazi kwa nguvu, hupata joto la kuweza kutoboa pistoni. Fundi ambaye hakuirekebisha kompyuta amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo itakayomwaga mwenye gari.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa faida ni ndogo namna hiyo, mbona vijana wote husema wameisikia? Ni kweli wameisikia, kwa masikio. Sanduku la kaboni lenye mdomo mpana huvuma zaidi injini inapovuta pumzi, na mvumo huo huupumbaza moyo ukadhani ni mwendo. Debe tupu haliachi kuvuma. Sina ugomvi na anayenunua uzuri akijua kwamba ananunua uzuri. Watu hununua hata saa za dhahabu. Aliyelipia mapambo huku akiamini kwamba amenunua nguvu ndiye aliyepunjwa.

Na kupunjwa huko hakuishii mfukoni. Kijana aliyeaminishwa kwamba gari lake limeongezeka nguvu hutaka kulijaribu, na uwanja wa majaribio aliopewa na nchi hii ni barabara ile ile ambayo watoto huivuka kwenda shule, akina mama huivuka kwenda sokoni, na bodaboda huingia bila kutazama. Breki zake ni zile zile za jana na tairi zake ni zile zile zilizolika. Mwenye kupima angejua kwamba hana jipya la kujaribu, na fedha zake zingeanzia kwenye breki.

Kwa sababu hiyo siungi mkono desturi ya kuwakemea vijana hawa na kuyaita mapenzi yao ya magari uhuni. Kijana anayeweza kukariri kipenyo cha turbo ya gari lake si mjinga. Ni mwanafunzi aliyekosa mwalimu wa kitu anachokipenda. Tumewafundisha kanieneo kwa miaka mingi kama jambo la kujibia mtihani, kisha tukashangaa walipokwenda kununua kanieneo hiyo hiyo kwa muuzaji asiyewaonyesha hata kipimo kimoja. Mwalimu wa fizikia aombe vichujio viwili vikuukuu katika gereji iliyo jirani, kimoja safi na kimoja kilichojaa vumbi, avifunge kwa zamu kwenye feni ya mhunzi, na awaache wanafunzi wasome maji katika bomba la U. Vyuo vya ufundi navyo viwafunze mafundi kupima kabla ya kufungua bolti, na kumwandikia mteja alichokikuta kabla na baada ya kazi.

Tukifika hapo, sanduku la kaboni halitakuwa tena hirizi. Litakuwa kifaa kama vifaa vingine, kinachofaa katika injini fulani na kisichofaa katika nyingine, na siku moja kijana wa Yatta atachora la kwake, likizingatia vumbi letu na joto letu, akamwonyesha mnunuzi namba alizozipima mwenyewe. Mpaka siku hiyo ifike, ushauri wangu kwa mwenye gari ni mfupi: nunua kwanza mrija wa plastiki na rula.